Shomoro Aliyezuiwa Mlangoni

Jumanne ya pili ya mwezi wa tisa, saa nane na dakika kumi mchana, Asimina Tsolaki alivuta pazia la jikoni, akaketi, akafungua simu, akakuta mlango mahali ambapo kwa miaka tisa hapakuwa na mlango. "Thibitisha kwamba umetimiza miaka kumi na minane," maandishi yalisema. Chini yake palikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kupiga picha kitambulisho, kingine cha kupiga picha uso. Cha tatu hakikuwapo.

Alijua siku hiyo inakuja. Walikuwa wametangaziwa wiki tatu nzima. Hata hivyo aliilaza simu kifudifudi juu ya meza, akainuka, akaosha kikombe kilichokuwa safi. Akakipangusa. Akakiosha tena.

Mji mzima wa Veria, kaskazini mwa Ugiriki, ulimjua Asimina kwa koti lake jeupe la duka la dawa. Yeye ndiye aliyejua nani anameza vidonge vya usingizi, nani ana kisukari anachomficha mkewe, binti wa nani alikuja kununua kipimo cha mimba amevaa miwani ya jua wakati nje mvua inanyesha. Katika miaka kumi na sita hakuna neno hata moja lililowahi kumponyoka. Bwana Prodromos, mwenye duka, alipenda kuwaambia wateja wenye haya, "Sema tu, mama. Huyu Asimina ni kaburi."

Wasichojua ni kwamba kaburi hilo lilikuwa na lake lililozikwa. Miaka kumi na mmoja Asimina alikuwa mlevi, na mlevi hodari, asiyeyumba wala kunuka. Tsipuro yake, pombe kali ya zabibu, aliiweka ndani ya chupa ya dawa ya kulainishia nguo, nyuma ya mashine ya kufulia. Mumewe alijua, akaondoka. Mwanawe Lazaros alijua kuliko wote. Alipofika miaka kumi na tisa alikwenda Stuttgart kwa baba yake, na tangu hapo alipiga simu Pasaka na mwaka mpya, dakika nne, tano. Dada yake Sultana alijua. Basi.

Basi, ukiwaacha watu mia nne wasiojua jina lake. Hao walikuwa wanachama wa baraza moja la mtandaoni liitwalo Kikombe Tupu, la walevi walioacha, wanaotaka kuacha, na jamaa zao wanaoungua pembeni. Liliendeshwa na mzee aliyejiita Bundi, fundi umeme mstaafu wa Thesaloniki kwa maneno yake mwenyewe. Asimina humo aliitwa Ndimu. Kila mchana, maduka yanapofungwa na mji kulala hadi saa kumi na moja na nusu, Ndimu alikaa jikoni na kahawa yake akisoma na kujibu. Kila mtu huwa na pahala pa kuinamisha kichwa. Mwingine huenda kanisani, yeye alikwenda humo.

Sheria yenyewe ya kupima umri haikuja kwa ubaya. Watoto walikuwa wanaona machafu mitandaoni, wazazi walipiga kelele, wakubwa wakasikia. Ila walipoorodhesha mambo ambayo mtoto asiyaone, waliweka na tovuti zote zinazozungumzia pombe, bila kutenganisha anayeiuza na anayeilia. Bundi aliandika hivi:

"Ndugu zangu, faini yake ni kubwa kuliko nyumba yangu. Sina ujanja. Kuna kampuni, iko nchi ya mbali, itapima umri wenu kwa niaba yangu. Wanasema picha inafutwa papo hapo. Mimi nimewauliza mara mbili nani ataiona ikifutwa, sijajibiwa."

Baraza likawaka. Mmoja akasema yeye ni hakimu, siku uso wake ukionekana kwenye orodha ya walevi ataanza kunywa upya. Mwingine akamjibu, "Hakimu gani wewe, juzi umesema una mbuzi kumi na wawili!" Akajibiwa, "Hakimu hawezi kufuga?" Watu wakacheka kidogo, lakini kicheko cha safari hiyo kilikuwa kikavu. Na katikati ya vurugu hiyo mwanachama aliyejiita Shomoro akaandika mstari mmoja: "Na mtu asiye na kitambulisho afanyeje?" Ndimu alimjibu haraka haraka, "Nenda ofisi ya huduma, kadi mpya unapata upesi." Aliona amesaidia.

Jumanne hiyo hakuingia. Jumatano alijaribu. Alichagua uso, akiona kitambulisho kina jina na uso hauna. Kioo kikaonyesha duara, na ndani ya duara akawa yeye, na kidevu chake, na alama ya chunusi ya zamani. "Geuka kushoto." Akageuka kushoto. "Geuka kulia." Hapo akakumbuka kwamba kesho yake anakwenda benki, na benki nako siku hizi hufungua akaunti kwa uso huo huo. Akalifunika jicho la simu kwa kidole gumba, akazima, akabaki amekaa na kidole kimebandikwa hapo kama anazuia damu.

Siku tatu alikuwa hasimami, hakai. Kazini alihesabu maboksi ya dawa ya presha mara tatu na mara zote akapata idadi tofauti. Bwana Prodromos akamwuliza, "Asimina, unaumwa?" Akasema hapana. "Basi umependa," akasema yule mzee. "Dalili ni zile zile."

Jumapili alikwenda kwa Sultana kumsaidia kuchoma pilipili za msimu. Walikaa kibarazani, jiko la mkaa linafuka, wanamenya pilipili nyekundu zikiwa bado zinaunguza vidole. Asimina akamweleza.

"Mimi sheria hiyo naiunga mkono mikono miwili," Sultana alisema. "Mjukuu wangu ana miaka tisa, unajua alichokiona kwenye simu ya mwenzake? Siwezi hata kukitaja, nimeshika chakula."

"Sisemi watoto waachwe."

"Sasa unasema nini? Wakutazame uso, waone una miaka arobaini na sita, yaishe. Kama huna la kuficha unaogopa nini?"

"Nina la kuficha, Sultana. Unalijua."

Sultana akafuta vidole kwenye aproni. "Hilo ni la zamani."

"Wewe ukienda chooni unafunga mlango?"

"Nafunga."

"Unafanya uhalifu gani humo?"

"We mwanamke!" Sultana akacheka hadi pilipili ikamponyoka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini usirudi kule, Asimina. Kama hilo baraza ndilo linalokushikilia, toa huo uso wako. Uso si kitu. Mimi nilikuokota sakafuni, nisikuokote tena."

Neno hilo alikwenda nalo njia nzima ya kurudi nyumbani. Alipofika akakuta barua pepe kutoka kwa Bundi. Walikuwa na anwani na namba za simu za wenyewe kwa wenyewe, kwa kuwa Ndimu alimsaidia mara nyingi kuzima ugomvi barazani.

"Ndimu," mzee aliandika, "wameingia hamsini na wawili tu kati ya mia nne. Wewe sikuoni, wala sikulaumu. Nakuandikia kuhusu Shomoro. Mashine huniletea taarifa ya waliokataliwa, kitu ambacho hata mimi sikupaswa kukijua. Shomoro amejaribu kwa uso mara sita tangu Jumanne. Mara sita imesema ni mtoto. Umri inaokadiria ni miaka kumi na mitano. Tafadhali niambie kwamba mashine ni mpumbavu."

Asimina alisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akasimama tena.

Shomoro alikuwa nao tangu mwezi wa pili. Aliandika vizuri, bila kujihurumia, kuhusu mtu aliyemwita "mtu wangu". Mtu wangu leo kaanguka bafuni. Mtu wangu kaapa kwa Bikira Maria. Nimemwaga chupa nne, mtu wangu kanitupia sahani. Wote walichukulia kwamba ni mume. Ndimu mwenyewe alimshauri kama mke anavyomshauri mke, jinsi ya kutogombana naye akiwa amelewa, jinsi ya kuweka akiba yake pembeni, na kwamba ana haki ya kuondoka. Ana haki ya kuondoka! Amwambie hivyo mtoto wa miaka kumi na mitano, aende wapi?

Na kumwaga chupa. Mke hazimwagi zote. Mke huficha, hununua nyingine kuepusha shari, hupiga hesabu. Anayemwaga chupa zote kwenye sinki akiwa na uhakika kwamba kesho kutakuwa kuzuri ni mtoto. Lazaros alizimwaga akiwa na miaka kumi na miwili, akipanda kigoda kufikia kabati, na mama yake alimfanya nini siku hiyo, Asimina hakuwahi kuliandika hata barazani.

Akamjibu Bundi mstari mmoja: "Si mpumbavu. Sisi ndio wapumbavu."

Mzee akapiga simu. Ilikuwa mara ya kwanza kusikiana sauti. Yake ilikuwa nyembamba kuliko alivyodhani.

"Tumfanyeje?" akauliza. "Sheria inasema mtoto asiwe humo. Naam, hayumo. Kazi imekwisha, faini sina. Lakini yuko wapi?"

"Huna jina lake?"

"Sina la mtu yeyote, binti yangu. Ndiyo ilikuwa fahari yangu."

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alikwishaamua jambo ambalo, mtu mwingine angelifanya, angemwita mchawi. Alichukua kipande cha karatasi kwenye kaunta na kuanza kuandika anachokikumbuka. Shomoro aliwahi kusema maji chini ya dirisha lake hayalali, na wageni husema ni raha ilhali yeye hutamani yakauke. Mji wa namna hiyo Asimina alikuwa anaujua mmoja, Edesa, ambako mito hupita kati ya nyumba ikikimbilia kujitupa jabalini. Aliwahi kusema mvuke unamharibia nywele. Na mwezi wa sita alisimulia kwamba mtu wangu aliunguza gauni la bibi harusi kwa pasi, siku mbili kabla ya harusi, na mama wa bibi harusi alikuja akapiga kelele hadi barabara nzima ikatoka nje. Kumbe ni duka la dobi.

Jumatatu hiyo hiyo alimpigia simu mwanamke waliyesoma naye kozi, anayeuza dawa Edesa. Akasema ana gauni la binamu yake la kusafishwa, amesikia kuna dobi kule aliyewahi kuunguza gauni la harusi, hataki kuangukia huko huko.

"Uuu, usiende kwa Anthula!" yule mwenzake akasema bila kusita. "Wa karibu na daraja dogo. Siku hizi binti yake ndiye anayefanya kazi nusu. Kazi yake zamani ilikuwa safi, maskini, sijui kapatwa na nini." Akashusha sauti. "Yaani, najua, lakini si la simuni."

Asimina alikata simu. Hakuwa polisi, hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Mwanamke mwenye kalamu ya wino wa bluu, kwa siku moja na uongo mmoja, alikuwa amemvua mtoto yule kila kitu alichojifunika. Akaichana ile karatasi vipande vidogo, akavitia kwenye pipa la sindano zilizotumika, ambalo haliguswi na mtu.

Jumatano maduka hayafunguliwi jioni. Akapanda basi la mchana. Njia nzima alitoa koti akavaa koti, mpaka bibi aliyekaa jirani akamwambia, "Mwanangu, chagua moja."

Duka lilikuwa dogo, lenye joto, nguo zimening'inia ndani ya mifuko ya plastiki hadi darini. Pazia la chuma lilikuwa nusu chini, na nyuma ya kaunta alikuwepo msichana mwembamba anayeandika namba kwenye vikaratasi. Nywele zake zilikuwa zimevimba kwa mvuke. Asimina alikuwa ameandaa maneno, yakamruka yote.

"Tumefunga," msichana alisema bila kuinua kichwa. "Nina za kumalizia tu."

"Naitwa Ndimu," Asimina akasema.

Kalamu ilisimama. Msichana akamwangalia kwa muda, kwanza kama asiyeelewa, halafu uso ukampauka.

"Nani kakwambia niko hapa?"

"Hakuna. Wewe mwenyewe. Maji, mvuke, lile gauni."

"Wewe ni mzima kweli? Unamfuata mtu nyumbani kwake?" Alikuwa ananong'ona, lakini kwa hasira ya kukata. "Ile mashine imenitaka uso nikaipa uso, nimesukumwa nje. Nilijua angalau nyie mlioko kule hamnijui. Na sasa na wewe umenichunguza kama wao!"

"Nimekuchunguza. Nisamehe. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba tulikuambia uondoke."

Msichana akafungua mdomo kujibu. Mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka mwanamke mrefu, nywele zimechanwa vizuri sana, hereni masikioni, shati limenyooshwa hadi kola inasimama. Harufu ya peremende ya mnanaa ilimtangulia. Asimina aliijua harufu ile kama mtu anavyoijua nyumba aliyozaliwa. Yeye alitumia za mrehani, lakini hesabu ni moja.

"Mirto, nani tena? Tumefunga, bibi."

Asimina akavua koti lake, akaliweka kaunta. "Samahani sana, bi. Nimetoka Veria. Doa la kahawa, hapa mkononi. Sina haraka."

Bi Anthula akaligeuza koti, akalitafuta doa ambalo halikuwepo, na kwa kuwa hakutaka kuonekana haoni, akasema, "Ah, ndiyo. Litatoka. Jumamosi. Mwandikie, Mirto."

"Jina?" msichana akauliza, macho chini.

Kwa miaka tisa Asimina hakuwahi kuliweka jina lake mahali pamoja na siri yake. "Asimina Tsolaki," akasema polepole, "na namba ya simu andika hii." Akaitaja tarakimu moja moja. Mirto akaandika, akakata kikaratasi, nusu akampa, nusu akaishika kwenye kiganja.

Alirudi Veria bila koti, na jioni ilikuwa ya baridi.

Jumamosi alipokwenda kulichukua, Mirto alikuwa shuleni kwenye mazoezi ya wimbo wa sikukuu. Bi Anthula alikuwa peke yake. Asimina alisema moyoni kwamba atalipa na kuondoka. Badala yake akajisikia anasema, "Bi Anthula, mimi nilikuwa nainywea ndani ya chupa ya dawa ya nguo. Nyuma ya mashine. Sijui wewe unaweka wapi."

Maji yakasikika chini ya dirisha.

"Toka," Bi Anthula alisema.

"Nina mtoto Stuttgart. Hanipigii ila mara mbili kwa mwaka. Alikuwa akizimwaga..."

"Nimesema toka! Umetumwa na nani? Na mama wa yule bibi harusi?" Akalikusanya koti pamoja na hanga yake akamtupia kifuani. "Mji mzima umekuja kuninusa, sasa mnaleta na wa Veria!"

Saa mbili baadaye ujumbe ukaingia katika simu ya Asimina. "Kaniuliza kama nakujua. Nimekana. Usije tena. Umenimaliza." Haukuwa na jina, haukuhitaji.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote katika miaka tisa. Mara mbili alipita mbele ya duka la vinywaji na mara mbili miguu ikapunguza mwendo. Baraza hakuwa nalo. Mara moja alifika hadi lile duara la uso, akageuka kushoto, akageuka kulia, na mashine ikamwambia mwanga hautoshi, ajaribu tena. Akaona hata shetani ana huruma. Akazima. Akampigia Sultana akamwambia, "Njoo ukae, usiniulize kitu." Sultana akaja na sinia la keki ya revani, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe hakuuliza kitu.

Alhamisi ya katikati ya mwezi wa kumi, saa tatu asubuhi, duka la dawa limejaa, simu ikalia. Ilikuwa ile namba isiyo na jina.

"Bi Asimina?" Sauti ilikuwa ndogo sana. "Ni mimi. Wa Edesa."

Akamwacha mzee wa watu na risiti mkononi, akaingia stoo. "Sema, mwanangu."

"Mama ameacha. Hajagusa tangu Jumanne, mwenyewe, sikumwambia kitu. Nilidhani ni vizuri. Lakini anatetemeka, hata glasi ya maji hashiki, na anasema kuna watu kwenye zile nguo. Ndani ya mifuko. Anataka niwatoe."

"Ana jasho?"

"Analowa."

"Mirto, nisikilize. Kuacha ghafla hivyo kunaweza kumuua mtu. Si kosa lake, si kosa lako. Kata simu hii, piga ya gari la wagonjwa, waambie mlevi wa muda mrefu, ameacha ghafla siku mbili, anaona vitu. Waambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo."

Mirto hakukata simu.

"Wakija watajua," Mirto akasema. "Wataandika. Hospitali wataandika, na umri wangu wataandika, na watanipeleka kwa watu."

Asimina hakutaka kumdanganya mtoto. "Wataandika," akasema. "Siwezi kukuambia hawataandika. Lakini daktari anaandika ili amtibu, na mimi nakuja. Nikikuta wanakuuliza maswali, watatuuliza sote wawili."

Bwana Prodromos alimwona akitoka na koti jeupe mwilini. "Unakwenda wapi? Foleni iko hadi nje!"

"Kwa mgonjwa."

"Mgonjwa yupi?"

"Bwana Prodromos, mimi ni mlevi. Sijanywa miaka tisa. Kuna mwenzangu anakufa Edesa."

Walioko foleni wakageuka wote. Mzee akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Kisha akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akaurusha juu ya kaunta. "Gia ya pili inakwama," akasema. "Isukume kwa nguvu."

Bi Anthula alipatwa na degedege ndani ya gari la wagonjwa, dakika kumi baada ya kubebwa. Kama angekuwa bado sakafuni kati ya zile nguo, daktari alisema baadaye, mambo yangekuwa mengine. Alilazwa siku kumi na moja. Ofisa wa ustawi wa jamii alikuja kweli, akaandika kweli, na Mirto alikaa kwa shangazi yake huko Skidra mwezi na nusu, jambo alilolichukia kila siku yake. Halafu akarudishwa. Mama yake alikaa bila kunywa hadi Krismasi, akaanguka, akainuka tena siku ya tatu, na safari hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyempigia Asimina. Hakuomba radhi kwa lile koti. Alisema tu, "Ni mimi, wa pasi," na Asimina akavuta kiti, akaketi.

Mjini Veria habari ilikwenda kwa kasi ya kawaida ya mji, yaani kabla gari la Prodromos halijavuka mto. Wapo walioacha kununua kwa Asimina. Wapo wawili, mwanamume na mwanamke, waliokuja kila mmoja kwa wakati wake, wakasubiri duka liwe tupu, wakaegemea kaunta, wakamwambia ya kwao. Alishangaa jinsi ilivyouma kidogo kuliko alivyoogopa, na alishangaa zaidi kwamba hata hivyo hasira yake juu ya ule mlango haikupungua. Hili alilisema yeye, kwa mdomo wake, siku aliyoiona inafaa. Hakuporwa.

Sultana hakuacha hoja yake. "Lakini kubali," alisema siku moja, "mtoto alikuwa humo kweli. Sheria iliona usichokiona."

"Iliona," Asimina akajibu. "Ikamfungia mlango, ikaenda zake. Na sisi tuliokuwa naye miezi saba hatukuona kitu. Nigombane na nani?"

Kikombe Tupu kilidumu hadi mwezi wa tatu. Walibaki thelathini na mmoja. Hakimu mwenye mbuzi hakuonekana tena, na hakuna anayejua kama alianza kunywa upya, kwa kuwa hakuna aliyejua jina lake wala pa kumwulizia. Bundi alipokifunga aliiandikia ile kampuni kuuliza nyuso za watu wake ziko wapi sasa. Akapata jibu la kumshukuru kwa kutumia huduma yao.

Mirto alipotimiza miaka kumi na sita alikuja Veria kwa basi, wakala pai ya jibini wakitembea kando ya mto. Alikuwa amerefuka. Katikati ya mazungumzo mengine akasimama.

"Bi Asimina, wewe ulinipata kwa siku ngapi?"

"Moja."

"Na hujui hata kubadilisha picha ya simu yako."

"Sijui."

"Basi mwingine, mwenye nia mbaya, angenipata kwa saa ngapi?"

Asimina akaangalia maji. Angeweza kusema neno la kumtuliza, alikuwa nayo mengi, ya dukani. "Sijui, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana usiku silali."

Mirto akakunja karatasi ya pai, akaitafutia pipa, akarudi. Wakaendelea kutembea hadi daraja la pili, wakageuka, wakaanza tena upya, kwani basi lilikuwa bado.